Kila Mtu Anagusa Samaki

Jumatatu, 9 Septemba
Habari kubwa. Ushirika wa akina mama wauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, hapa Kamembe unataka tovuti: hoteli za Bukavu, ng'ambo ya mpaka, ziagize samaki, muuzaji akubali oda kwenye simu yake, pikipiki ije kuchukua. Watengeneza tovuti tumebaki wawili, mimi na Gad. Ijumaa watachagua. Mwenyekiti wao, Maman Nyiraneza, ametoa sharti: kila mmoja awape watu wasioijua tovuti yake waijaribu, yeye akae kimya na kuangalia wanakwama wapi.

Kukwama! Yangu haina pa kukwama.

Lakini kazi hii lazima niipate. Mama yangu ni mwanachama, na bado anavuka mpaka kila asubuhi na beseni kichwani. Mgongo umemchoka. Nimemwahidi kwamba tovuti yangu itamketisha nyumbani. Alicheka, akanipapasa shavu, akaenda kuvuka.

Jumanne, 10 Septemba
Jaribio limefana. Nilialika majirani sebuleni, nikawapa Fanta na maandazi kwanza, maana mwenye njaa haoni vizuri. Kukaa kimya kulinishinda. Aliyesita nilimshika kidole nikakipeleka kwenye kitufe cha kukubali oda. Kiko chini kabisa, rangi ya kijivu hafifu. Kina heshima yake. Karibu wote waligusa picha ya samaki, ambayo ni picha tu. Niliwaeleza. Walijibu: "Sawa, Papa. Iko muzuri sana." Hata mama alisema hivyo, na miwani hakuvaa.

Jumatano, 11 Septemba
Nimempeleleza Gad sokoni. Maskini. Anawapa simu watu asiowajua, anakaa kama bubu, hata maji hawapi. Muuza nyanya mmoja, Maman Gracia, alimwambia tovuti yake inamuumiza kichwa. Nimesikia kwa masikio yangu. Naye akamshukuru, akaenda nyumbani kuibadilisha!

Jioni nilimweleza matokeo yangu. Aliuliza: "Muntu amekunywa Fanta yako, atakuambia nini mubaya?" Wivu.

Alhamisi, 12 Septemba
Gad amebadilisha tena. Mtu asiye na msimamo. Mimi nimeongeza mawimbi yanayocheza juu ya ukurasa. Simu ya mama inachelewa kidogo kuufungua, lakini kizuri kinasubiriwa.

Mama alirudi amelowa, mvua ilimkuta kwenye daraja la mpakani. Nilimkanda mgongo. Nilisikia aibu, na sikujua ni ya nini.

Ijumaa, 13 Septemba
Maman Nyiraneza alisema mwanachama mzee kuliko wote akubali oda kwenye kila tovuti, bila msaada. Mwanachama mzee ni mama. Nilifurahi mno.

Alianza na yangu. Akagusa samaki. Akagusa tena, polepole, kama anayebisha hodi kwa mgonjwa. Nilikohoa. Niliangalia pale chini penye kitufe kwa macho yangu yote. Maman Nyiraneza akaniomba nitoke nje kidogo.

Kupitia dirisha niliona zamu ya Gad. Mama aligusa samaki, oda ikapokelewa. Wenzake wakampigia makofi.

Njiani nilimuuliza kwa nini Jumanne alisema yangu ni nzuri. Alisema: "Mwanangu, ulikuwa na furaha. Ningekuambia nini?" Iliniuma zaidi kwa sababu hakusema kwa ubaya.

Jumatano, 25 Septemba
Wiki hii mama hajavuka mpaka hata mara moja. Anakaa barazani, anagusa samaki wa Gad, pikipiki zinakuja. Jana nilimsikia akiimba, jambo ambalo sikumbuki lini alilifanya mara ya mwisho. Nina furaha kwa ajili yake, na nina uchungu kwamba si mimi niliyempa. Vyote viwili vimekaa pamoja moyoni na havigombani.

Nimefikiri sana nilikosea wapi. Nimepata jibu: niliwapa watu wasiozoea tovuti.

Sasa kwaya ya parokia inataka yao. Nimeichora, kitufe ni kidogo zaidi, cha kifahari zaidi. Leo nimemwonyesha mama. Ameitazama kwa muda mrefu, akanitazama na mimi, akasema iko muzuri sana.

Safari hii nimemwamini kabisa. Sasa ana uzoefu.