Murudishe Hasira ya Muke Wangu

Kalemie, Machi 1983

Kwa Mwananchi Dokta Mulongoy,
Mwalimu wa ubongo na roho, sale ya mikutano ya parokia

Mwananchi Dokta,

Kwa heshima yote na kalamu ya kuazima, mimi Ngoy Kabemba, muchuuzi wa samaki ndagala kati ya Kalemie na Moba, naomba murudishe hasira ya muke wangu, katika hali muliyoikuta.

Anaitwa Emérance. Jina hilo la ubatizo, kwa kuwa serikali imeyakataza, tunalitumia ndani ya nyumba tu, musitushitaki. Tangu afuate mafundisho yenu kwa wamama, haya yametupata:

1. Zamani nikichelewa kutoka ziwani alinipokea kwa kelele, nami nilikuwa na uongo wangu tayari, nimeutengeneza njia nzima. Sasa anaweka mukono juu ya tumbo, anavuta pumzi, anasema: "Papa Ngoy, hasira imeingia mu kichwa. Ngoja ipite." Ninangoja. Inapita. Uongo unanikwama kooni kama mwiba wa samaki.

2. Mama mukwe, Mama Bertille, alishuka kutoka Kirungu kuja kunigombeza, kama ilivyo haki yake. Emérance akamufundisha kupumua. Sasa wanapumua wawili, na habari ya kurudi Kirungu haitajwi tena.

3. Mulisema woga unakaa mu ubongo, ndani ya kitu kidogo kama punje ya karanga. Leo mutaa wote unauguza karanga. Jumamosi, kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, mukubwa wa mutaa alituamuru kuchimba mutaro. Watu wakamujibu kwamba karanga zao zimechoka. Naye akaketi, akashika tumbo, akamulilia marehemu baba yake. Mvua ikaingia nyumba zote. Dokta, maji yalifika magotini na watu wanatabasamu!

4. Hili ndilo linaloniuma. Muke asiyenipigia kelele, bado ananingojea?

Basi mupange mafundisho mengine ya kuwarudisha wamama kwenye ukali. Ikishindikana, mutume musaidizi wenu aje anitukane jioni, hata mara moja kwa juma.

Munisalimie madamu, watoto, padri, na mulinzi wa sale pamoja na mbuzi wake.

Ni mimi niliyenyimwa ugomvi,
Ngoy Kabemba

N.B. Jana nilichelewa tena. Emérance alipumua, halafu akalia. Akasema: "Papa Ngoy, kelele zile zilikuwa woga. Ziwa lilimukamata kaka yangu Évariste. Ukichelewa, naona nawe umezama." Miaka yote ya ugomvi hakuniambia hivyo. Hasira ile mubaki nayo. Leo nimerudi jua likiwa juu. Majirani wakaja mbio kuuliza nani amekufa.