Jembe la Nani?

Mjini Dodoma, enzi za ruksa, mtu asiye na kazi alikuwa na njia mbili za kuheshimika: auze mitumba, au atembee na bahasha ya kaki kwapani. Mitumba inataka mtaji. Bushiri wa Chang'ombe akachagua bahasha. Ndani yake hamkuwa na kitu ila gazeti la juzi na picha yake ya pasipoti, lakini watu wa mji huu, Mungu awasamehe, wakiona bahasha ya kaki husimama wima kabla hawajaulizwa jina.

Siku moja ya Januari alikuwa kaketi kwenye kilabu cha Stanley mbele ya chupa ya soda. Soda, ndiyo. Bushiri hakuwa akigusa pombe, na tafadhali usidhani ni ucha Mungu; msikiti aliuona Idd hadi Idd. Ulikuwa ni ujanja tu. "Tapeli mlevi," alizoea kusema, "ni kinyozi anayesinzia."

Stanley, mwenye kilabu, alikuwa mtu wa kuja, mwenye tumbo la kutangulia na roho ya kubaki nyuma. Siku hiyo alikuwa analia.

"Wiki ya pili hii sina pombe, Bushiri. Wanawake wa Ipagala wanapika kila nyumba, ukipita harufu inakukaba koo, lakini ukiwaambia wauze wanakutazama kama umewaomba mtoto. Wateja wangu wananihama, wanaenda kwenye bia za makopo!"

Kwa nini hawauzi? Hilo hakuna aliyeuliza. Stanley alikuwa ameuliza bei, na Bushiri akauliza Stanley atatoa kiasi gani akiletewa madebe tisa. Watu wawili wazima, wamekaa Dodoma miaka, na hakuna aliyejali kujua jirani yake anapika pombe ya nini. Basi acha yawapate.

"Jumamosi utapata," Bushiri alisema, akainuka na bahasha yake.

Jioni ile ile akamtafuta mwenzake, Ludovick, aliyekuwa karani wa bohari hadi ilipogundulika kwamba bohari inakonda na karani ananenepa. Ludovick alikuwa na miwani. Haikuwa na kazi yoyote machoni mwake, lakini ilimfanya aonekane mtaalamu, na miaka ile nchi nzima ilikuwa inasujudia wataalamu.

Kesho yake wakaingia Ipagala, wakaelekezwa kwa Hilda. Hilda alikuwa mjane wa miaka kama sitini, mpishi wa pombe ambaye hata waliomchukia walimsifu. Walimkuta uani na wenzake wanane, kila mmoja ana pombe yake nyumbani inayokaribia kuiva.

"Mbukwenyi!" Bushiri alisalimia kwa sauti ya mzaliwa. Hilo ndilo neno pekee la Kigogo alilokuwa nalo, na alilitunza vizuri kwa kazi kama hizi.

"Mbukwa," wakaitikia.

"Shikamoo, mama," akamwinamia Hilda.

"Marahaba, baba. Karibuni vigoda."

Bushiri hakukaa. Tapeli akikaa, maneno nayo hukaa. "Mama zangu, mimi ni Mkurugenzi wa Shindano la Pombe Bora ya Asili, Kanda ya Kati. Soko sasa ni huria! Wazungu wamechoka na bia zao za chuma, wanataka kitu cha asili, kitu chenye kimea. Mshindi atatengenezewa chupa yenye picha yake. Mama Hilda, uso wako utafika Ulaya kabla ya miguu yako!"

Wanawake wakacheka. Hilda hakucheka. "Mnataka kuonja kiasi gani?"

"Sampuli ya debe moja moja."

"Debe?" Hilda akamtazama juu mpaka chini. "Baba, pombe inaonjwa kwa kata. Debe ni msiba au harusi."

"Hiyo ni kienyeji, mama. Kitaalamu inapimwa kwa debe." Hapo Ludovick akakohoa kitaalamu.

"Sawa. Lakini pombe yangu ina kazi." Hilda alinyoosha mkono kuelekea ng'ambo ya korongo. "Ule uwele wangu umefika magotini. Magugu yamefika kiunoni. Mwaka jana njaa ilitupiga hapa, nilikula mlenda mtupu mpaka wajukuu wakaanza kunikimbia. Shamba lisipopaliliwa wiki hii, mwaka huu tena sina chakula. Nikikupa wewe pombe, watu watakuja kupalilia kwa sababu ya macho yangu mazuri?"

Bushiri alikuwa na ugonjwa wa wasemaji wote: mdomo ukifunguka, masikio yanajifunga. Alichosikia ni kwamba bibi anataka vibarua.

"Vibarua? Kampuni italeta! Watu thelathini, siku ya Jumatatu asubuhi, shamba lako lote, bure. Na kila mshindani atapaliliwa lake!"

Mwongo akiahidi, haahidi kidogo. Angeweza hata kuahidi mvua.

Wanawake wakateta kwa Kigogo. Mmoja wao, Cecilia, alikuwa akitikisa kichwa. Mwishowe Hilda akasema, "Haya. Jumamosi njooni mchukue."

Jumamosi asubuhi wakaja na mkokoteni. Ludovick alikaa na daftari, akiuliza kila mwanamke jina lake na aina ya pombe.

"Ya jembe," Hilda alisema.

"Jembe," Ludovick akaandika.

Cecilia naye, ya jembe. Wa tatu, jembe. Wote tisa, jembe. Bushiri akafurahi sana. Hapo akaona jina la kibiashara limejileta lenyewe, fupi, lenye nguvu, linalofaa kabisa kwenye chupa.

Hilda akamshika mkono kabla mkokoteni haujaondoka. "Unaelewa, baba? Hii atakayeinywa ameitika."

"Mama yangu, kuitika ndiyo kazi yetu!" Bushiri alijibu, akamkonyeza Ludovick. Kwa majibu kama hayo mtu alistahili kupigwa hapo hapo na mwiko wa kukorogea. Lakini wanawake wa Ipagala wana subira.

Saa nane mchana madebe tisa yalikuwa yamepangwa mbele ya Stanley. Tamaa ilimtoka mpaka kwenye vinyweleo, lakini alijikaza.

"Mimi sinunui mbuzi kwenye gunia. Wateja waonje kwanza, wakiikubali nakupa bahasha yako ya hela."

Wateja wenyewe hawakuhitaji kuitwa. Walikuwa wapagazi wa sokoni, mafundi, wachimba mchanga, wengi wao watu wa vijiji vya jirani waliokuja mjini kutafuta. Mbele yao, karibu na mlango, alikaa mzee Matonya, ambaye miaka yake hakuna aliyeijua na kiti chake hakuna aliyekikalia.

Stanley akachota kata ya kwanza, akampelekea. Matonya hakuipokea.

"Mwenye pombe yuko wapi? Aonje kwanza. Sisi hatunywi sumu za watu."

"Ndiye mimi, mzee wangu," Bushiri alisema. "Nasimama badala yake."

"Basi onja."

Mambo yakawa magumu. Kilabu kizima kilikuwa kinamtazama. Stanley alikuwa anamtazama. Ludovick alikuwa anaitazama bahasha mfukoni mwa Stanley. Bushiri akafumba macho, akanywa, akakunja uso, akafumbua macho. Kumbe ni tamu!

"Na hii inaitwaje?" Matonya aliuliza.

"Jembe!" Bushiri akatangaza.

Vijana wawili watatu wa mjini waliendelea kucheka, lakini wazee waliweka mikono magotini, wakawa kama watu walio kanisani. Bushiri akaona jina limewagusa. Akajisifu moyoni.

"Jembe la nani?" Matonya aliuliza taratibu.

"La Hilda wa Ipagala!"

"Jembe la nani?"

"La Hilda wa Ipagala!"

"Jembe la nani?"

"Mzee una masikio kweli? La Hilda wa Ipagala, jamani! Kila mtu anywe!"

Matonya akatabasamu kwa meno yake matatu. "Tumesikia. Tumeitika." Akapokea kata, akanywa mpaka mwisho bila kupumua. Kilabu kizima kikashangilia. Stanley, kwa kuona shangwe ile, akatoa bahasha mwenyewe na kumkabidhi Ludovick, ambaye alijitambulisha kuwa ni mhasibu.

Likafunguliwa debe la pili. "Jembe la nani?" "La Cecilia!" Mara tatu, halafu mwenye kusimama badala yake aonje. La tatu, vilevile. Bushiri, aliyekuwa hajawahi kunywa maishani, alifika debe la sita akiimba, na la tisa akimkumbatia Stanley na kumwita mjomba. Kinyozi alikuwa amesinzia, tena wembe uko shingoni mwake mwenyewe.

Madebe yakaisha. Stanley akapita na kibakuli kukusanya hela. Akaanza kwa Matonya.

"Hela ya nini?" Matonya akashangaa.

"Pombe, mzee. Umekunywa kata saba."

"Kijana, umekaa nchi hii miaka mingapi? Jembe halilipiwi hela. Linalipwa kwa mgongo."

"Mgongo gani?"

"Hii ni pombe ya kualikia palizi. Ukiinywa, umekubali kwenda kupalilia shamba la mwenyewe. Nimemuuliza mpiga mbiu mara tatu, amejibu mara tatu, tena kwa kelele. Hapa ndani wote tunakwenda." Matonya akageuka kwa wenzake. "Jumatatu, jamani?"

"Jumatatu!" kilabu kikaitikia.

"Na asiyetokea?" kijana mmoja wa mjini aliuliza, kicheko kimemkauka.

"Wanawake watamwimba. Kila pombe, kila harusi, jina lake na la mama yake."

Stanley akasimama na kibakuli kitupu. Kisha akakumbuka bahasha, akamtafuta mhasibu. Mhasibu alikuwa ametoka kidogo kujisaidia, na hata leo ninavyosimulia bado anajisaidia. Aliyebaki ni Bushiri, kalala juu ya benchi, anatabasamu.

"Huyu hatoki machoni mwangu," Stanley akaapa. Na kweli, usiku wa Jumamosi na wa Jumapili alilala mlangoni kwa Bushiri kama mbwa wa Mhindi.

Ipagala, hiyo Jumapili, Cecilia alimkuta Hilda amekaa kwenye ukingo wa shamba, kanga kichwani. Jibu la shindano halikuwa limeletwa, na mtu waliyemtuma mjini alirudi akisema ofisi ya kampuni hiyo haipo.

"Si nilisema? Tumeibiwa!" Cecilia alilia. "Tutakula nini, Hilda? Tutakula ile miwani?"

Hilda alijifuta macho. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa kubwa kuliko alivyoionyesha. "Tungoje Jumatatu. Pombe ya jembe haiibiki. Ukiiiba, umejiandikisha."

Jumatatu alfajiri akawasikia kabla hajawaona. Wanaume arobaini na zaidi, majembe mabegani, wanakuja wakiimba, Matonya mbele na fimbo yake. Katikati, kichwa kinamgonga, macho mekundu, shati lile lile la Jumamosi, alikuja Mkurugenzi wa Shindano, ameshikwa mkono huu na Stanley na mkono wa pili ameshikishwa jembe.

Hilda akasimama. Akapiga kigelegele, na machozi yalikuwa yanamtoka bila aibu.

"Mama, shikamoo," Bushiri alisema kwa sauti ndogo. "Naomba nieleze..."

"Marahaba, baba. Utaeleza tukimaliza. Anza mstari ule pale, na angalia, uwele na gugu vinafanana ukiwa hujui kazi. Ukinikatia uwele mmoja nitakukata sikio."

Mpaka jua la saa tano shamba la Hilda lilikuwa safi, uwele umesimama wenyewe, unapumua. Bushiri alikuwa na malengelenge viganjani, na alikuwa anaomba kufa kwa utaratibu. Stanley, aliyeshikishwa jembe kwa sababu naye alilamba kata moja akijaribu utamu, alikuwa na hali mbaya zaidi. Tumbo lake lilikuwa linafika kwenye magugu kabla ya jembe.

"Nimemaliza, mama," Bushiri alisema, akitafuta viatu vyake. "Kwaheri."

"Unakwenda wapi?" Cecilia alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kiunoni. "Langu ni kesho."

"Lako?"

"Mzee Matonya kasema wengine walikunywa debe moja, wengine mawili. Ni wewe tu uliyeonja yote tisa."

Haya, usimhurumie. Alikuwa na siku nane za kujifunza neno la pili la Kigogo, na alijifunza mengi, mengine hayaandikiki. Siku ya tisa alimaliza shamba la mwisho, mweusi kwa jua, kakonda, na nitasema ukweli ingawa unaniuma: alikuwa mpaliliaji mzuri. Moyoni alibaki na faraja moja tu, kwamba yamekwisha.

Hapo uani kwa Hilda akamkuta mgeni anakunywa uji. Aliitwa Petro, na alikuwa ameshuka asubuhi ile kwenye basi la Kondoa.

"Ndiye huyu?" Petro aliuliza.

"Ndiye," Hilda alisema.

"Bwana Bushiri, Mkurugenzi? Nimetumwa na akina mama wa Kolo, huko Kondoa. Juzi ulikuja kwetu na shindano lako, umevaa miwani, ukakusanya madebe kumi na manne ya jembe, ukayaonja yote mbele ya watu, ukaandika jina lako kwa kila mmoja. Bushiri wa Chang'ombe, Dodoma. Wanakungoja."

"Mimi?" Bushiri akaruka. "Miye sijafika Kolo maishani mwangu! Huyo ni Ludovick! Mama Hilda, si ulikuwa unaniona hapa kila siku? Waambie!"

Hilda alimtazama kwa muda mrefu, kwa upole kabisa, kama anavyotazama pombe iliyoiva.

"Mwanangu, na hapa ulisema unatoka kampuni," alisema. Akamwekea jembe mkononi, lile lenye mpini laini. "Kolo mvua zilichelewa mwaka huu. Utawahi."