Ombi la Jalada Langu, Hata Likiwa Jembamba

Pirna, 14 Mei 1993

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi ya Majalada,

Nimepokea barua yenu inayosema kwamba katika majalada yote yaliyoachwa na idara ya usalama ya serikali yetu iliyoanguka, hakuna hata karatasi moja inayonihusu mimi, Gotthilf Pietzsch, fundi saa mstaafu. Mheshimiwa, nimetukanwa sana maishani, lakini sijapata kutukanwa kwa adabu kiasi hicho. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jengo letu lina nyumba nane. Saba zimepata majalada. Kila Jumapili, kwenye kahawa na keki ya plamu, majirani huja na majalada kwapani wakasomeana kwa sauti. La Bi Sieglinde Noack lina kurasa mia tatu, na huyo kazi yake ilikuwa kuuza vifungo! Mimi nimekaa tu na uma wangu, sina cha kusoma.

2. Majalada yote saba yameandikwa na shushushu mmoja, jina lake la siri "Waridi", anayelijua jengo letu nje ndani. Majirani wamepiga hesabu: saba wameandikwa, basi wa nane ndiye mwandishi. Bwana Kretzschmar, jirani yetu na mwenyekiti wa chama chetu cha bustani, amenipasha mbele za watu: "Wee Mzee Gotthilf, kikulacho ki nguoni mwako! Sisi tunakuchomea soseji, kumbe wewe unatuchoma sisi!" Jumamosi ijayo wanachama watapiga kura kuninyang'anya kiwanja changu cha bustani. Nimelima pale miaka thelathini na moja. Mheshimiwa, nikinyang'anywa bustani ile nitakufa, nasema bila haya.

3. Si kweli kwamba sikustahili kupelelezwa. Mwaka 1974 nilicheka mzaha kuhusu Katibu wa Chama tawala, na nikacheka tena nilipouelewa. Shangazi yangu wa Hanover, ng'ambo ya mpaka, alinitumia kahawa ya magharibi, nikainywa dirishani, waziwazi. Mei Mosi ya 1981 nilitundika bendera ya taifa kichwa chini miguu juu, ikapepea hivyo mpaka jioni. Kama huo si uadui kwa dola, nielezwe uadui ni kitu gani.

4. Hata mbwa wa Bi Noack ametajwa mara kumi na moja! Ukurasa wa tisini: "Mbwa amembwekea askari kwa makusudi. Alikuwa ameshikwa kamba na mtu." Mtu huyo ni mimi. Jamani!

5. Kwa hiyo naomba mnitengenezee jalada. Kurasa arobaini zinatosha, mimi si mtu wa makuu. Ikiwa makarani wamezidiwa na kazi, nitajiandika mwenyewe, na mwanzo nauambatisha hapa: "Mtuhumiwa ametoka saa moja na dakika kumi asubuhi. Uso wake umejaa hila." Au nipelelezeni sasa, wiki mbili tu. Nitatembea polepole, na atakayenifuata asione haya kupanda juu, supu ya viazi ipo.

Nisalimieni makarani, wapiga chapa, na wale mabinti wanaounganisha karatasi zilizochanwa na idara ile ilipoanguka; Mungu awalinde macho. Salamu pia kwa mlinzi wa mlangoni, aliyeniambia, "Mzee, wenzako wanalia kwa kuyapata, wewe walia kwa kulikosa?"

Ni mimi mtiifu wenu, niliye tayari kushukiwa,

Gotthilf Pietzsch

Tanbihi: Baada ya kutia sahihi nimempa mke wangu Annerose barua hii aipitie, maana yeye ndiye hunisahihishia. Ameisoma mara mbili. Kisha akasema, "Usijisumbue, mume wangu, hawatalipata. Wewe ningekuandikaje?" Amejifungia jikoni, namsikia analia.

Mheshimiwa, naomba mlifute ombi langu. Jumamosi nitasimama mbele ya chama niwaambie kwamba Waridi ni mimi. Watu wakija kuwauliza, tafadhali, nanyi semeni vivyo hivyo.