Mjukuu wa Mlinzi wa Mnara

Alhamisi, 14 Agosti 2025
Balaa! Mwezi jana nilimwambia Ruweida, msichana ninayempenda, kwamba marehemu babu yangu alikuwa mlinzi wa mnara wa taa huko Ras Mwamba, Pwani, akiongoza meli wakati wa dhoruba. Alinitazama vizuri sana. Leo amekuja dukani kwangu, hapa Makina ninapouza kava za simu, na habari: mamake anataka kuuona huo mnara. Wikendi hii!
Babu aliuza makaa Silanga, mtaa jirani tu na hapa. Bahari aliiona kwenye kalenda.
Sijatetereka. Nimetafuta mpaka nikapata nambari ya mlinzi wa sasa, anaitwa Kavoi. Nimemwomba anikumbatie tu nikifika, aseme nimefanana na babu. Nitampelekea sukari kilo nne. Amekubali haraka mno.

Ijumaa, 15 Agosti
Safari! Gari ni Probox ya rafiki yangu Kagiri wa Kawangware. Amekataa kuniachia funguo kwa sababu ya mara ile (ng'ombe alipona), kwa hivyo anaendesha mwenyewe. Mama Ruweida kaketi mbele, anacheka kila anachosema Kagiri. Amempa gurusa tatu, mikate aliyotupikia ya safari. Mimi moja, tena imevunjika.
Karibu na Voi, Kagiri akauliza kama babu aliwahi kuona nyangumi. Nikasema wawili. Mama akauliza walikuwa wanaitwa nani.
Tumelala Likoni.

Jumamosi, 16 Agosti
Barabara ya pwani! Minazi, mikoko, bahari ikichungulia kushoto kila kona. Ruweida alitoa kichwa dirishani akaimba. Kwa dakika ishirini nilisahau kwamba mimi ni mwongo.
Lami ikaisha. Kilomita tisa za mchanga na mawe. Kisha mnara, peke yake juu ya mwamba, rangi imebambuka.
Kavoi alikuja mbio, akanikumbatia, akalia machozi ya kweli. Akamwambia Mama nimefanana na babu mpaka masikio. Kazi safi! Lakini hakunyamaza. Akasema babu aliacha wosia: mjukuu akija, aupake mnara chokaa kwa mkono wake. Ndoo ilikuwa tayari. Brashi pia. Kamba pia!
Mita kumi na tisa. Mimi hata stuli ya dukani napanda nikishika ukuta.
Mama akasema wosia ni wosia.
Kutoka juu niliwaona wakila samaki wa kupaka. Kagiri akanipungia mkono. Sikumpungia. Mikono yote ilikuwa imekumbatia kamba.

Jumapili, 17 Agosti
Upande wa pili. Ruweida akapanda ngazi za ndani, akatokea kwenye roshani karibu na kichwa changu.
"Ramzy, unaogopa?"
Nikasema ukoo wetu hauogopi. Nilisema hivyo macho nimeyafumba. Basi nikamwambia yote: makaa, Silanga, sukari ya Kavoi.
 Kisha akacheka mpaka akaegemea ukuta, chokaa ikamjaa mgongoni.
"Mama anajua. Tangu akiwa msichana alikuwa ananunua makaa kwa babu yako. Anasema mzee alikuwa akimwongezea vipande viwili kila mara, bila kuombwa."
Nikauliza, sasa mbona amekuja huku kote?
"Alikuwa hajawahi kuona bahari. Alisema kijana mwenye uongo kama huu lazima atatufikisha."
Nikatazama chini. Mama alikuwa amesimama majini, amekunja dera hadi magotini, anazungumza na mawimbi.
Nikamaliza ukuta. Hakuna aliyenilazimisha.

Jumanne, 19 Agosti
Nyumbani. Mwili wote unauma, lakini Mama ameniita kwa chakula, mbele ya kakake, Mzee Fadlalla! Mama alinionya mlangoni: leo hadithi hakuna. Nikaapa.
Nimekula kwa adabu. Nimejibu maswali ya duka kwa ukweli mtupu. Ruweida akatabasamu. Kisha Mzee akauliza, kwa upole tu, kama niliogelea kule Pwani.
Nimemwambia niliwahi kuvuka kivuko cha Likoni kwa kuogelea. Tena chali, uso juu.
Amefurahi mno. Ijumaa saa tatu ananipeleka kwenye bwawa niwafundishe watoto wake wanne.
Siku mbili. Zinatosha kabisa kujifunza.