Chumba cha Mama Mkwe Nyuma ya Kabati

Jumatatu, 4 Machi

Mkaguzi wa bima anakuja Alhamisi. Anataka kuiona nyumba kabla bima haijahuishwa. Mke wangu kanipa habari hiyo huku akimenya viazi, kwa utulivu ulionitia wasiwasi.

Tatizo ni chumba cha nyuma. Nilikijenga mwaka jana mama mkwe alipohamia kwetu. Matofali nilipanga mimi. Plasta nilipiga mimi. Umeme niliuvuta mimi, kwa waya niliopitisha darini kutoka sebuleni. Watu wa bima hawana habari. Mke wangu anasema tuwaambie tu, yaishe. Eti nyumba ikiungua leo wanaweza kukataa kulipa kwa kuwa tuliwaficha, na sisi tutabaki nje pamoja na mama yake. Nikamjibu kwamba jasho ni langu na siombi ruhusa kwa mtu yeyote.

Hapo akanichoma kabisa. Eti basi angalau nimwite kaka yake akague nyaya. Shemeji! Fundi umeme mwenye leseni, na leseni yenyewe kaitundika sebuleni kwake karibu na picha ya harusi. Bora nikae gizani!

Jumanne, 5 Machi

Nimepata! Kabati letu kubwa la nguo litasimama mbele ya mlango wa chumba cha nyuma. Mkaguzi ataona kabati, atapita zake. Hakuna mlango, hakuna chumba. Akili ninayo, sema tu sijapata wa kuitambua.

Nimefanya jaribio. Kabati limeenea vizuri. Mgongo umelia. Kigae kimoja kimepasuka, nimekifunika kwa zulia.

Kikwazo ni mama mkwe mwenyewe. Nilimwomba kwa heshima zote akashinde kwa shemeji siku hiyo. Kakataa katakata. Kasema miguu inamuuma, na hajawahi kuhamishwa na kabati tangu azaliwe. Nikabembeleza. Mwishowe kakubali kukaa ndani kimya kwa masharti: redio yake, birika lake la umeme na mto wa ziada. Nimekubali yote.

Jumatano, 6 Machi

Shemeji kaja, eti kumsalimia mama. Uongo! Alisimama chini ya waya wangu, akaguna. Nikamwambia waya huo umekaa mwaka mzima bila kumdhuru mtu. Akasema hilo ndilo linalomshangaza.

Mke wangu alicheka. Nimeiweka moyoni.

Alhamisi, 7 Machi

Siku imeisha, nyumba bado imesimama.

Mkaguzi ni mama mmoja mfupi, mwenye viatu vya raba na tochi kubwa. Nilimzungusha kwa madaha. Akapanda ngazi, akatazama paa, akasifu mifereji kwa kuwa haina majani. Nikavimba kichwa. Akasema watu wengi hawasafishi mifereji, maji yanaozesha dari, halafu wanadai ilikuwa dhoruba. Nikawalaani watu hao pamoja naye.

Tukafika kwenye kabati. Akauliza nyuma yake kuna nini. Nikasema ukuta. Ukuta ukaanza kutangaza mpira. Nikasema ni redio ya jirani. Ukuta ukapiga chafya. Nikasema jirani ana mafua.

Kisha redio ikakatika. Ikaja harufu ya plastiki inayoungua, na mama mkwe akaanza kugonga kwa ngumi, akiniita mwanangu, akisema kuna moshi na haoni vizuri. Mwanangu! Kwa kawaida huniita “huyu”.

Nikalisukuma kabati. Halikusogea. Zulia langu lilikuwa limejikunja chini ya mguu wake. Nikasukuma tena, nikapiga kelele, nikampigia magoti sijui nani. Niliogopa. Sijawahi kuogopa vile. Mkaguzi alikimbia kuzima swichi kuu, akarudi, akaweka bega lake kando ya langu. Kabati likaanguka kwa ubavu, mlango ukapata nafasi. Mama mkwe akatoka akikohoa, redio kwapani.

Nilimletea maji. Mke wangu akaichukua ile glasi mkononi mwangu, akamnywesha mama yake mwenyewe. Hakuniangalia. Afadhali angenitukana.

Moshi ulipotoka, mkaguzi alitoa mchoro wa nyumba yetu. Chumba cha nyuma kilikuwemo! Mke wangu aliwapigia simu wiki iliyopita, akawaeleza kila kitu; Jumatatu alikuwa ananipa nafasi tu niseme mwenyewe. Mkaguzi alikuja kukikagua chumba hicho. Nimevunja mgongo kumficha mtu kitu alichokuja kukitazama!

Ijumaa, 8 Machi

Jibu la bima: nyumba itaendelea kuwa na bima. Chumba kitaingizwa baada ya fundi mwenye leseni kuvuta nyaya upya na kuthibitisha kwa maandishi. Na siku nyingine tukitaka kubadilisha chochote nyumbani, tuwaambie kabla ya kuanza. Kabla! Yaani ukuta wangu una msemaji mwingine?

Mama mkwe anasema hana kinyongo, ila kuanzia sasa mlango wake usisogelewe na fanicha. Nilimwomba radhi. Ilinitoka kwa shida, lakini ilitoka, na nilimaanisha.

Fundi mwenye leseni ni nani? Ndiyo, shemeji. Anaanza kesho.

Jumapili, 10 Machi

Shemeji kahamia jikoni. Anakunywa chai yangu, anakula mkate wangu, na kila nikipita kuchukua kikombe ananionyesha kipande cha waya wangu ulioungua. Mama mkwe analala na mke wangu. Mimi niko kwenye kochi.

Nikafikiri. Kati ya sebule na jikoni kuna ukuta tu. Kidirisha kidogo hapo, chai inapita, mimi sipiti mbele ya shemeji. Nyundo ninayo. Kazi ndogo kama hiyo unampigia nani simu? Nilisubiri wote watoke, nikaanza.

Kumbe bomba la maji linapita humo ndani.

Nimeliziba kwa soksi mbili na kutundika kalenda juu yake. Mke wangu karudi, kauliza kwa nini kalenda imehama. Nimemwambia pale inasomeka vizuri zaidi. Mwezi wa Machi umeanza kulowa kwa chini, lakini bima hawana haja ya kujua.