Mashitaka Dhidi ya Ndoo ya Bibi Khatoon

Thornhill, 14 Julai 1998

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Bustani ya Jumuiya,

Salaam alaykum. Baada ya kukujulia hali wewe na goti lako, nashitaki ndoo.

Ni ya jirani yangu wa ngwe, Bibi Khatoon. Ametia mboji ndani ya soksi, akaizamisha majini, akachomeka pampu ya tangi la samaki, na maji yanatoka povu kutwa kucha. Kesho yake huimwagia mimea maji hayo, ati ndiyo chakula chao. Mimi niliyeuza mbolea Tanga miaka ishirini, leo nifundishwe kilimo na soksi!

1. Mboji hiyo ina samadi ya farasi. Nilimwuliza Sheikh, akasema si najisi. Nikamwuliza tena. Mara ya tatu nilipiga simu nikabadili sauti, akanijibu kwa jina langu.

2. Vijidudu vya ndooni vinalishwa sukari guru iliyotoka nyumbani Tanga. Mimi daktari amenikataza hata kuinusa. Yaani visivyoonekana kwa macho vinakula vizuri kuliko mwanachama mwanzilishi.

3. Matango yake yamevuka kamba na kuingia kwangu bila hodi, tena yamenenepa kwa makusudi.

4. Kanuni yetu ni ngwe moja, familia moja. Bibi Khatoon mwenyewe anajigamba kwamba ndoo ina wakazi mamilioni. Siku wakidai kupiga kura, wewe utabaki mwenyekiti wa nani?

5. Kubwa kuliko yote. Mche wangu wa pilipili unanyauka, nao ni wa mbegu ya mwisho aliyokuja nayo marehemu mke wangu, Nargis. Sina nyingine. Nimeupa mbolea ya dukani, ule unga wa buluu, ukazidi kuwa manjano. Bibi Khatoon akathubutu kuniletea kikombe cha uchafu wake wa ndooni mbele ya watu! Nilimkatalia kwa sauti. Pilipili ya Nargis haiombi msaada.

Kwa hiyo naomba ndoo ipigwe marufuku, na pampu irudishwe kwa samaki.

Wasalimie mkeo, wajumbe wote, na Sheikh, ambaye hana haja ya kuitaja simu ile.

Mimi mwenye uchungu,
Dilawar Ramzanali

Nyongeza: Tafadhali barua hii isisomwe kikaoni kabla ya Jumapili. Jumamosi Bibi Khatoon anatengeneza ndoo mpya, na nilichochota ndooni wiki iliyopita alipokwenda kusali kimekwisha. Mche umetoa maua mawili. Nargis angenituma nikaombe radhi. Nitakwenda. Pilipili ya kwanza nitampelekea Bibi Khatoon. Ya pili ni ya mbegu.