Nyuzi za Mzee Ngusa

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Kituo cha pamba kimefungwa, mizani imelala, na mimi Malimi, karani wake, nina siku nzima ya kushughulikia ndoa yangu. Zimebaki siku tano! Jumamosi ukoo wa mchumba wangu, Debora, unakaa, na baba yake, Mzee Ngusa, ataulizwa mbele ya watu kama amenikubali. Lazima ajibu kwa kinywa chake. Ndivyo alivyoamuru baba yake mdogo, Januarius, ambaye hanipendi tangu alipojua kwamba sisi ni Bagika. Wao ni Bagalu. Vyama vya ngoma tu, jamani! Lakini Januarius ni katibu wa Bagalu, na wivu wa uwanjani ameuleta mpaka sebuleni.

Shida ni kwamba mzee alipata kiharusi Novemba. Mkono wa kulia umelala, na katika maneno yote aliyokuwa nayo limebaki moja: yaya. Kwa Kisukuma, hapana. Mwamkie kwa Kisukuma, "mwadila", anajibu yaya. Mpe ugali, yaya, kisha anaumaliza.

Nikapata akili. Nilimwuliza mzee, Januarius akisikia, kama ananikataa. Yaya! Hanikatai! Januarius akamwuliza kama basi ananikubali. Yaya. Nikamwuliza kama huyu Januarius ni mdogo wake wa damu. Yaya. Januarius akavaa kofia yake akaondoka bila kuaga.

Jumanne, 8 Julai

Nimeomba ruhusa kazini, nimempeleka mzee hospitali mjini kwa mazoezi. Nimesema nina homa. Mtaalamu wa mazoezi anaitwa Judica, mama mpole kutoka Same. Nikamwuliza neno la pili litarudi lini, ikiwezekana kabla ya Jumamosi. Akacheka sana. Kisha akaniomba uzi wa kushonea magunia uliokuwa unaning'inia mfukoni mwangu.

Akaukata vipande, akavipanga mezani. Akasema ndani ya ubongo kuna sehemu nyeupe, na hiyo ni mafungu ya nyuzi zinazounganisha sehemu moja na nyingine. Fungu moja hushuka mpaka uti wa mgongo na kuvuka upande, ndiyo maana ubongo uliumia kushoto na mkono uliolala ni wa kulia. Fungu jingine limepinda kama upinde, kutoka karibu na sikio, panapoelewa maneno, mpaka mbele, panapoyatunga. La mzee limeharibika. Katikati kuna fungu nene kuliko yote, daraja la kuunganisha nusu mbili.

Akanionya kwamba mzee anaelewa karibu yote. Yaya yake inaweza kuwa ndiyo, hapana au lete chai. Nimtazame macho na mkono wa kushoto.

Nilikuwa bado nawaza lile daraja.

Jumatano, 9 Julai

Mpango ulikuwa safi. Sikio la kushoto hupeleka habari nusu ya kulia, ambayo ni nzima. Neno litaingia huko, litavuka daraja, litatokea mdomoni. Nikainama kwenye sikio la kushoto la mzee, nikarudia "nimekubali" mara arobaini.

Sikufikiria kwamba upande wa kushoto ndio wenye mkono mzima. Kofi moja tu! Sikio langu bado linalia. Nilimpigia Judica, akasema sauti ya kila sikio hufika pande zote mbili, na kwamba hata yeye angenipiga.

Alhamisi, 10 Julai

Mungu ni mwema! Mama Nyanjige, mke wa mzee, alikuwa anamenya karanga huku akiimba kwa sauti ya chini. Mzee akaanza kuimba naye. Si kuguna. Maneno! Mama akaacha karanga zikamwagika. Akaniambia mume wake alikuwa mtunzi wa Bagalu, na nyimbo za kuwazomea Bagika zilitoka kichwani mwake.

Nikampigia Judica mbio. Akasema inatokea: wimbo hutegemea zaidi nyuzi za upande wa kulia, na za mzee ni nzima. Tuchukue maneno machache, tuyaimbe polepole, mkono wake wa kushoto ukigonga goti. Kila siku, kwa miezi. Akaongeza kwamba si vizuri kumlazimisha mtu aseme jambo asilolitaka. Simu ilikuwa inakatakata, nadhani.

Nikatunga wimbo kwa Kisukuma: Debora kwa Malimi, nimekubali. Nikauimba kwa sauti ya nyimbo za Bagika, maana ndiyo niliyozaliwa nayo. Kikombe kikapita karibu na kichwa changu. Ikabidi niimbe kwa sauti ya Bagalu. Babu Masunga, uliyewapigia Bagika ngoma, nisamehe huko uliko.

Ijumaa, 11 Julai

Nina homa tena, kwa mujibu wa taarifa niliyotuma kazini. Tumegonga goti tangu asubuhi. Kufikia saa nane mchana mzee anaimba "nimekubali" bila kukosea! Nilikuwa nacheza peke yangu uani Debora alipofika kutoka shuleni anakofundisha.

Hakufurahi. Aliniuliza kama namfundisha baba yake kusema au nafuga kasuku. Akasema kama baba hanitaki, aachiwe hapana yake, kwa sababu ni mali pekee ya kinywa chake. Kisha akakaa kwenye kinu. Akasema ni miezi minane hajaitwa jina lake na baba yake, na mimi nawaza Jumamosi.

Niliona aibu. Aibu kweli, mpaka nikashindwa kunywa chai. Niliwaza kumwambia Januarius kila kitu. Nikaona bora nilale kwanza.

Jumamosi, 12 Julai

Watu ishirini na mimi nimevaa suti. Januarius akauliza swali. Nikagonga goti langu kwa siri. Mzee akanitazama. Akaanza kugonga lake.

Akaimba! Lakini si wimbo wangu. Ulikuwa wimbo wake mwenyewe wa zamani, wa siku Bagalu walipowashinda Bagika kule Kasoli. Beti zote! Masunga amekimbia uwanjani, Masunga ameacha ngoma yake, Masunga amemtuma mkewe akaifuate. Babu yangu! Watu wakapiga vigelegele. Wengine wakainuka kucheza. Nilitafuta mlango kwa macho.

Kisha mzee akapunguza mwendo. Akanyoosha mkono wa kushoto, akaimba polepole: Debora kwa mjukuu wa mkimbizi, nimekubali.

Debora alilia kwa sauti. Akapiga magoti mbele yake, akamwomba amwite tena, naye akamwita tena, Debora, Debora, kwa sauti ileile ya wimbo. Mimi nililia pia, naandika bila kuficha.

Nikasimama, nikakiri kwamba nilimfundisha. Januarius akajibu kwamba anajua, maana nyumba yake na ya mzee ukuta wao ni mmoja, na amenisikia siku mbili. Lakini "mjukuu wa mkimbizi" hakuna aliyemfundisha. Hilo kalitunga kaka yake mwenyewe, na mtu anayeweza kutukana namna hiyo anajua anachokikubali. Akanipa mkono!

Jumapili, 13 Julai

Nimemwahidi Debora: ujanja basi. Nimeapa kanisani.

Ila kuna jambo dogo. Januarius anataka mzee aimbe siku ya harusi, na ukoo wangu wote utakuwepo. Nimefikiri. Maneno mawili tu yakibadilishwa, Masunga hatakimbia, atashinda. Mzee ataimba kwa mazoea, hatagundua.

Leo jioni nimemweleza kwa upole, nikamwuliza kama anakubali. Amesema yaya, akainua fimbo kwa mkono wa kushoto.

Judica alisema yaya yake inaweza kuwa ndiyo. Nimeiandika ndiyo. Kesho tunaanza mazoezi, nitakaa upande wake wa kulia.